MASWALI YA NYUMBANI: Moyo Uendao Mbio Baada ya Tiba

Kijana mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ametuandikia barua ndefu kuhusu mama yake, na ametuomba tusilitaje jina lake wala mji wao. Kwa ufupi, mama huyo aliugua tezi ya shingo. Alikonda ilhali anakula, mikono ikamtetema, jasho likamtoka hata wakati wa baridi, na moyo ukawa unamwenda mbio kama mtu aliyekimbizwa. Hospitali walimpima damu, wakaona tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, wakampa vidonge. Baada ya miezi sita mwili umerudi, mikono imetulia, na daktari amesema kuwa damu sasa ni nzuri. Lakini moyo haujatulia. Usiku akilala kwa ubavu wa kushoto huusikia ukigonga kwenye mto, na mara nyingine huruka pigo moja kisha ukapiga kwa kishindo, naye akaketi kitandani hadi alfajiri.

Shangazi zake kijana wanasema hili si la hospitali tena, ni pepo, na mganga amekwisha patikana. Sharti lake la kwanza ni kuwa vidonge vya hospitali viachwe kwa siku 21. Baba naye anasema mkewe hana maradhi yoyote ila amepunguza dhikri. Kijana anatuuliza: "Mwalimu, tumsikilize nani?"

Tumeona tuijibu barua hii kwa urefu, kwani nyumba zenye mgonjwa wa namna hii ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na aghalabu mgonjwa mwenyewe ni mwanamke. Maradhi haya huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, tena katika umri ambao nyumba nzima imemtegemea yeye. Sisi si matabibu. Tunayoyaeleza hapa ni yale ambayo matabibu wamekubaliana, na tumeyaandika ili nyumba ijue la kuuliza itakapokwenda hospitali, si ili ikae nyumbani na gazeti.

Kwanza tuijue tezi yenyewe. Ni kiungo kidogo chenye umbo la kipepeo, kimekaa mbele ya shingo chini ya kikoromeo, na kwa lugha ya matabibu huitwa thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, nazo huingia katika damu zikauambia mwili mzima uende kwa kasi gani: chakula kiunguzwe upesi au polepole, mwili uwe na joto au baridi, na moyo upige mara ngapi. Tezi ikizidisha homoni hizo, mwili wote huwa kama jiko lililochochewa kuni nyingi. Kiungo kinachoumia mwanzo na kuchelewa kupona aghalabu ni moyo, kwa kuwa homoni hizi hufanya kazi juu ya nyama ya moyo wenyewe, na pia huufanya uwe mwepesi kushtuka kwa kila jambo dogo.

Jambo hili si geni. Sayyid Ismail al-Jurjani, tabibu wa Kiislamu wa Uajemi aliyeishi hadi karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha tiba kwa ajili ya mfalme wa Khwarazm, na ndani yake aliunganisha kuvimba kwa tezi ya shingo na kutokeza kwa macho, dalili mbili ambazo wengine waliziona mbalimbali. Yapata miaka mia saba baadaye, katika mwaka 1835, tabibu Robert Graves wa Dublin, katika Ireland, alieleza habari za wanawake ambao mioyo yao iliwadunda kwa nguvu na kwa muda mrefu, na kila mmoja wao tezi yake ilikuwa imevimba. Mwaka 1840 Mjerumani Karl von Basedow aliandika yake. Leo baadhi ya watu huyaita maradhi haya kwa jina la Graves, na wengine kwa jina la Basedow. Tumeyataja haya kwa sababu moja: kiherehere cha moyo si nyongeza iliyomzukia mama huyu baada ya maradhi kwisha. Ni katika dalili za asili za maradhi yenyewe, na palipo na dalili ya asili iliyobaki, akili yatutaka tuanze kuitafuta sababu yake mlemle katika maradhi na tiba yake.

Sasa tuliendee swali. Kwa nini moyo uendelee kwenda mbio na hali damu imesemwa kuwa ni nzuri?

Sababu ya kwanza ni muda. Vidonge vinavyotumika sana, vile vya karbimazoli, huizuia tezi isitengeneze homoni mpya, lakini haviziondoi zile zilizokwisha tengenezwa na kuwekwa akiba ndani ya tezi. Akiba hiyo yapasa itumike hadi imalizike. Hata homoni iliyomo katika damu haitoki kwa siku moja: ile iitwayo T4 huchukua kama siku 7 kupungua nusu yake tu. Ndiyo maana daktari husema njoo baada ya wiki nne au sita, wala hasemi njoo kesho. Na waliotibiwa kwa madini joto yenye mnururisho, tiba ambayo kwa mara ya kwanza ilitolewa Boston, Marekani, mwaka 1941, hungoja zaidi, kwani tezi hufifia polepole kwa muda wa miezi. Katika wiki za mwanzo homoni huweza hata kupanda kidogo kabla ya kushuka, na moyo ukazidi. Mtu asiyeambiwa hivyo hudhani tiba imemdhuru.

Na baada ya damu kutengenea, moyo nao una lake. Umefanya kazi ya ziada miezi mingi, pengine mwaka, kabla maradhi hayajajulikana. Kuna wagonjwa ambao mapigo ya kuruka huendelea kwao kwa muda, kisha yakapungua kidogo kidogo. Mapigo hayo ya kuruka, ikiwa moyo umepimwa ukaonekana mzima, mara nyingi hayana hatari ingawa yanatisha. Na kulala kwa ubavu wa kushoto huufanya moyo ukaribie ukuta wa kifua, basi mtu huusikia zaidi.

Lakini tusiseme "ni muda tu" tukanyamaza. Neno hilo limewachelewesha wengi.

Yapasa iulizwe: damu ilipimwa nini? Homoni za tezi ni mbili, T4 na T3, na iko ya tatu, TSH, itokayo katika tezi ndogo chini ya ubongo ambayo huiamrisha tezi ya shingo. Yawezekana T4 imekuwa sawa na T3 bado iko juu, na moyo huisikia sana T3. Yawezekana zote mbili ziko sawa na TSH bado iko chini. Hiyo TSH huchelewa kuamka kwa wiki nyingi hata miezi, na huenda ikawa si neno. Lakini ikibaki chini muda mrefu, hasa kwa mtu mzima wa miaka sitini na kuendelea, moyo huwa katika hatari ya kupoteza mpango wa mapigo yake. Basi kijana wetu na amwulize daktari, kwa adabu, ni vipimo gani vilivyofanywa na vilikuwa na hesabu gani, aziandike na kuziweka.

Hapa tuingize neno dogo ambalo limewapita wengi. Wanawake siku hizi hununua vidonge vya kukuza nywele na kucha. Vingi vyavyo vina bayotini, na bayotini ikiwa nyingi mwilini huweza kuvidanganya vipimo vya homoni hizi, vikaonyesha tezi inazidi ilhali haizidi. Matabibu hutaka viachwe siku mbili au zaidi kabla ya kutoa damu. Ni vidonge vya madukani, kwa hiyo daktari hataviona katika faili. Mgonjwa ndiye atakayevitaja.

Kuna pia kuzidi kwa tiba. Mtu aliyekatwa tezi, au aliyepewa tiba ya mnururisho, mara nyingi tezi yake hubaki haitoshi kazi, naye hupewa kidonge cha levothairoksini kila siku badala ya homoni aliyoikosa. Kidonge hiki kikiwa kikubwa kupita haja yake, maradhi yaleyale hurudi kwa mlango mwingine: moyo mbio, mikono kutetema, usingizi kupotea. Dawa yake ni kupunguzwa kipimo, na apunguzaye ni daktari baada ya kuona damu. Na mgonjwa aliyetumia karbimazoli akaacha baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, ajue kuwa maradhi huwarudia karibu nusu ya watu. Mara nyingi moyo ndio unaoleta habari ya kwanza.

Kisha ziko sababu ambazo hazina uhusiano na tezi kabisa. Upungufu wa damu huuendesha moyo mbio, na wanawake wetu wengi wanao, hasa wenye hedhi nyingi na waliozaa karibu karibu. Kukoma kwa hedhi kuna joto lake na kiherehere chake. Dawa za mafua zenye kufungua pua, na zile za kuvuta kwa ajili ya pumu, huushtua moyo. Kadhalika kahawa, chai ya rangi iliyokolea, vinywaji vya chupa vya kutia nguvu, tumbaku na miraa. Hatuna haja ya kumsimanga mtu kwa kikombe cha kahawa, lakini mwenye moyo unaomwamsha usiku na anywe maji baada ya Alasiri kwa wiki mbili, aone.

Tuseme na juu ya mwani. Unga wa mwani umekuwa ukisifiwa kuwa dawa ya kila kitu, na wengine huuuza kwa jina la dawa ya tezi. Mwani una madini joto, na kiasi chake hutofautiana sana mwani kwa mwani. Mwenye tezi iliyozidi kazi akinywa madini joto mengi huweza kuichochea upya. Chumvi ya kawaida ya jikoni haina ubaya. Tunayoyakataza ni makopo ya unga yasiyojulikana kipimo chake. Habasoda na asali hatuzikatai, nazo zina heshima yake katika Hadithi, bali tunakataa zisimame mahali pa kidonge.

Nyumba inaweza kufanya nini ila kungoja? Inaweza kuhesabu. Mgonjwa aketi dakika tano bila kusema. Mtu aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono upande wa gumba, aangalie saa, ahesabu mapigo kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Aandike tarehe, saa na hesabu, na aandike pia kama mapigo yamekwenda kwa mpango au yamevurugika. Wazee wetu matabibu waliuthamini sana mshipa huu. Ibn Sina katika Kanuni yake aliupa mlango mrefu. Na iko hesabu moja ambayo mgonjwa hawezi kuifanya mwenyewe: ile ya usingizini. Moyo uendao mbio kwa hofu au fikira, mwenyewe akilala hushuka. Moyo unaosukumwa na homoni aghalabu huendelea mbio hata usingizini. Basi kijana wetu na amshike mama yake mkono polepole akiwa amelala, siku tatu au nne, aandike. Karatasi hiyo itamfaa daktari kuliko maneno ya mashangazi na ya baba pamoja.

Jambo tunalolihofia hasa ni kuvurugika kwa mapigo. Maradhi haya ya tezi, kwa baadhi ya watu na hasa waliopita makamo, huufanya moyo upoteze mpango wake kabisa: vyumba vya juu vya moyo hutetema badala ya kupiga, na mapigo ya mkononi huja moja hapa, mawili pale, bila kipimo. Moyo ukiwa hivyo damu hutuama ndani yake, huweza kuganda, na pande la damu likitoka likaenda ubongoni, mtu hupata kiharusi. Huyu hupimwa kwa mashine ya umeme wa moyo, kipimo kisicho na maumivu na cha dakika chache, na huenda akahitaji dawa ya kuzuia damu isigande. Wengi wao, tezi ikitulia, moyo hurudi wenyewe katika mpango wake ndani ya miezi mitatu minne. Wengine haurudi, wakahitaji tiba ya peke yake. Lakini hayo hayajulikani kwa kumtazama mtu usoni. Mama huyu asemaye kuwa moyo unaruka pigo, je, amepimwa umeme wa moyo tangu alipoambiwa damu ni nzuri? Barua haikusema. Hilo liwe la kwanza.

Na mgonjwa akipata maumivu ya kifua, au pumzi kumwia fupi akiwa amekaa, au kuzimia, au moyo ukapita 120 naye ametulia na haushuki, asingojee siku ya kliniki. Uso ukipinda, mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, apelekwe saa ileile.

Sasa turudi kwa mganga na siku zake 21. Vidonge hivi haviachwi kwa amri ya asiyejua ni vya nini. Karbimazoli ikiachwa kabla ya wakati, homoni hupanda tena, na maradhi yaliyopandishwa hivyo huweza kufika daraja ya kuua. Na ikiwa mama anatumia propranololi, kidonge kinachotuliza mapigo, hicho kikikatwa ghafula moyo hurudi kwa kishindo kuliko mwanzo. Hupunguzwa hatua kwa hatua. (Mwenye pumu asikipokee hata kidogo bila kumwambia daktari habari ya pumu yake.) Iko hali ambayo matabibu wenyewe wameamrisha mtumiaji wa karbimazoli asimeze kingine: akipata homa na koo kuuma au vidonda vya mdomoni. Dawa hii, kwa watu wachache sana, huziua chembe nyeupe za damu, na huyo yampasa aende hospitali siku hiyohiyo apimwe damu. Hapo huacha na kwenda hospitali, wala haachi akaenda kupungwa.

Wala hatusemi mama asisomewe. Kumsomea mgonjwa Qurani na kumwombea dua ni sunna, na mumewe ndiye wa kwanza kustahiki kufanya hivyo, usiku ule anapoketi kitandani. Kisomo hakigombani na kidonge. Anayesema kuwa kisomo chake hakifai mpaka dawa iachwe, huyo amekiwekea kisomo sharti ambalo Mtume (S.A.W.) hakuliweka.

Na kwa baba wa kijana wetu tuna maneno, tukimwomba ayapokee kwa udugu. Yamkini ameitegemea aya ya 28 ya Suratur Raad, ile iliyotaja kutua kwa nyoyo kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Aya ni ya haki, lakini amewezaje kuifanya fimbo ya kumpigia mkewe? Moyo uliotajwa pale ni ule wa imani na shaka, wa radhi na hofu. Walii aliyetua moyo kwa Mola wake akipatwa na homa, mshipa wake huenda mbio, na hakuna aliyesema imani yake imepungua. Mke aliyeugua miezi yote hiyo, akasimama jikoni na mikono inatetema, kisha akaambiwa hana ugonjwa ila upungufu wa dini, amepewa mizigo miwili badala ya mmoja. Wengine hufika kuficha dalili zao ili wasishukiwe, na hapo ndipo tunapowapoteza.

Katika Sunan ya Abu Dawud iko habari ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.), naye ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Aliugua, Mtume (S.A.W.) akaja kumtazama, akaweka mkono wake kifuani mwa Saad, akamwambia kuwa yeye ni mtu aliyepatwa na maradhi ya moyo, kisha akamtaka amwendee al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwani huyo alikuwa akitibu watu, na akataja pia tende za Madina. Baadhi ya wanavyuoni wameizungumza isnadi ya habari hii, nasi hatulifichi hilo. Lakini maana yake inatiwa nguvu na Hadithi mashuhuri ya mabedui waliokuja kuuliza kama watafute dawa, wakajibiwa kuwa watafute. Tuitazame basi habari ya Saad. Hakuulizwa dhikri zake ni ngapi. Uliwekwa mkono mahali panapouma, likatajwa jina la ugonjwa, akaelekezwa kwa tabibu. Na wanavyuoni wamekhitilafiana hata kama Harith huyo alisilimu, ndiyo maana baadhi yao wamelitoa hapo jibu la wale waulizao kama yafaa kutibiwa na daktari asiye Mwislamu.

Mambo ya nyumbani ni madogo lakini yana uzito. Mgonjwa huyu asiamshwe kwa kelele. Kazi ya kuteka maji na kupanda ngazi na mizigo ichukuliwe na vijana mpaka moyo upimwe. Joto humtaabisha, basi alale penye upepo. Kama ni mwanamke bado wa kuzaa na anataka mimba au ameipata, daktari aambiwe mapema sana, kwani dawa huenda ikabadilishwa, na tiba ya mnururisho haitolewi kwa mja mzito wala anayenyonyesha. Na jamaa wapunguze kumwuliza kila saa, "Moyo vipi?" Mtu akiulizwa moyo wake mara kumi kwa siku, huusikiliza mara mia. Hofu nayo ni katika vinavyouendesha mbio, nasi hatukanushi hilo. Tunachokanusha ni kuianza hofu kabla ya vipimo. Vipimo vikiisha kuonyesha kuwa tezi imetulia, damu inatosha na umeme wa moyo ni mzima, hapo mgonjwa na aambiwe kwa yakini kuwa yu salama, afundishwe kuvuta pumzi polepole, arudishwe katika kazi kidogo kidogo. Hapo nyiradi za kabla ya kulala zitakuwa na raha ambayo hazikuwa nayo zilipokuwa zimeletwa kama lawama.

Kijana wetu ameuliza mwishoni juu ya Ramadhani na Sala. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, nayo imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Ambaye tezi yake haijatulia, au ambaye moyo wake umevurugika mpango, asione haya kuitumia akiambiwa na tabibu. Aliyetulia naye aweza kufunga, lakini nyakati za dawa zipangwe na daktari wiki chache kabla ya mwezi kuandama. Karbimazoli ya mara moja kwa siku huweza kumezwa usiku. Levothairoksini hutaka tumbo tupu: humezwa kwa maji wakati wa Magharibi na chakula kikangojewa nusu saa au zaidi, au humezwa wakati wa kulala, saa tatu baada ya mlo wa mwisho. Isimezwe pamoja na vidonge vya madini ya chuma wala vya chokaa. Baina yao ziwe saa nne. Propranololi ya mara tatu kwa siku haiwezi kusukumwa yote usiku kwa rai ya mtu; iulizwe kama ipo ile ya kudumu siku nzima.

Ama Sala, mama akiona kizunguzungu au moyo umemzidi akiwa amesimama, na aswali ameketi, na akishindwa kuketi aswali amelala kwa ubavu. Sala yake imetimia, wala hairudii.

Barua ya dada aliyeuliza juu ya mirathi ya nyumba ya wakfu tumeipata, nayo inshallah tutaijibu mwezi ujao.